Riziki na Stahili: The Alchemist Mbele ya Msomaji wa Mathare

Mtu anayepita Mtaa wa Tom Mboya jijini Nairobi hukutana na vitabu vilivyotandazwa chini, juu ya turubali au magunia, kando ya njia ya waendao kwa miguu. Wenyeji wa jiji wameyabandika maduka hayo ya wazi jina la "inama", kwa kuwa anayetaka kusoma anwani za vitabu hana budi kuinama. Baina ya kamusi zilizochakaa, vitabu vya kiada na vile vinavyoahidi kufunza siri ya utajiri, ni nadra kuikosa The Alchemist, riwaya ya mwandishi wa Brazili, Paulo Coelho. Ilitolewa kwa Kireno mwaka 1988, ikafasiriwa kwa Kiingereza mwaka 1993, na tangu hapo imefasiriwa katika lugha zaidi ya 80. Katika Afrika Mashariki haikuhitaji mtahini wala wizara ili isomwe. Imesomwa kwa hiari, sifa ambayo vitabu vyetu vingi vinavyotahiniwa haviwezi kujivunia.

Makala haya yanajishughulisha na swali moja la kimaadili: je, kitabu kilichokusudiwa kumtia mtu moyo kinaweza kumdhulumu? Swali hilo linaulizwa kutoka mahali mahususi, yaani bonde la Mathare, baina ya Barabara ya Juja na ile ya Thika. Si kwamba wasomaji wa Mathare wana mawazo mamoja. La hasha. Ila madai ya jumla kuhusu maisha ya binadamu hupimwa vyema zaidi pale ambapo maisha hayana akiba ya kufidia makosa ya nadharia.

Msuko wa riwaya wajulikana na wengi, kwa hiyo utafupishwa. Santiago ni kijana mchungaji wa kondoo huko Andalusia, kusini mwa Uhispania. Anaota mara mbili kwamba hazina inamngoja penye piramidi za Misri. Katika mji wa Tarifa anakutana na mzee anayejitambulisha kuwa Melkizedeki, mfalme wa Salemu, ambaye anamfunza kwamba kila mtu amezaliwa na wito wake, na kwamba mwenye kuuandama wito huo kwa moyo wote ataungwa mkono na ulimwengu mzima. Kijana anauza kondoo, anavuka hadi Tangier, anaibiwa, anafanya kazi karibu mwaka mmoja kwa mfanyabiashara wa vyombo vya bilauri, anafuatana na msafara jangwani, anampenda Fatima, anapata elimu kwa mwanaalkemia, na hatimaye anafika penye piramidi. Huko anapigwa na kunyang'anywa dhahabu aliyokuwa nayo. Mmoja wa wanaompiga ndiye anayemfichulia, pasipo kujua, kwamba hazina iko Uhispania, chini ya mkuyu ulioota katika magofu ya kanisa ambamo kijana alilala hapo mwanzo.

Wahakiki wa vyuo vikuu wamezoea kukidharau kitabu hiki kwa wepesi wa lugha yake na ubapa wa wahusika wake. Lawama hiyo haina uzito. Ngano zote zina wahusika bapa, na hakuna anayemlaumu Abunuwasi kwa kukosa undani wa kisaikolojia. Isitoshe, zimo humo sehemu zenye utunzi wa kuheshimika. Miezi ya Tangier, ambapo kijana anasugua bilauri, anaunda kabati la maonyesho nje ya duka na kubuni biashara ya chai ndani ya vyombo hivyo, imeandikwa na mtu anayejua kazi ni nini. Mfanyabiashara mwenyewe, Mwislamu ambaye hajaenda kuhiji kwa kuwa anahofu kuishiwa na sababu ya kuishi pindi atakaporejea, ndiye mhusika wa pekee aliye na utata wa kibinadamu. Kinachovunja moyo kipo kwingine. Kinaonekana wazi mara tu riwaya inapolinganishwa na hadithi iliyoizaa.

Hadithi hiyo imo katika Alfu Lela Ulela. Jalaluddin Rumi aliisimulia katika Masnavi katika karne ya 13, na Jorge Luis Borges akaisimulia upya mwaka 1935. Mtu wa Baghdadi aliyefilisika anaambiwa ndotoni kwamba riziki yake iko Misri. Anasafiri, analala msikitini, wezi wanapita msikitini humo kuvunja nyumba ya jirani, naye anakamatwa badala yao, anachapwa na kutiwa gerezani. Liwali wa mji anamhoji, na aliposikia habari ya ndoto anacheka hata magego yakaonekana. Yeye liwali, asema, ameota mara tatu nyumba fulani ya Baghdadi yenye fedha zilizofukiwa chini ya chemchemi ya uani, na hajawahi kuondoka kwenda kuitafuta. Kisha anampa mgeni dirhamu chache za nauli na kumwamuru arudi kwao. Mgeni ametambua kuwa nyumba iliyotajwa ni yake. Anarudi, anachimba, anapata.

Katika masimulizi haya ya kale mali ni riziki. Mtu wa Baghdadi hasifiwi kwa ushupavu wa moyo wala kwa ustadi wa kusoma ishara. Amepewa, basi. Mwenye kutoa anajua sababu yake, na sababu hiyo haikuandikwa popote katika tabia ya mpokeaji. Kwa hiyo jirani yake maskini, aliyelala usiku ule bila kuota chochote, habebeshwi hatia. Hakupewa, lakini hakukosa. Wahenga waliosema kwamba riziki kama ajali, huitambui ijapo, walikuwa wakilinda jambo hili hili: kwamba baina ya thamani ya mtu na kiasi cha mali yake hapana njia iliyonyooka.

Coelho anaigeuza riziki kuwa stahili. Santiago anapata kwa sababu alitaka inavyopasa, akathubutu inavyopasa, akasoma ishara inavyopasa. Mageuzi haya yanaonekana kuwa madogo, na kwa msomaji mchangamfu yanaonekana hata kuwa ya kimaendeleo, kwa kuwa yanamtoa binadamu katika kungojea kadari na kumtia katika juhudi. Lakini mantiki yake ina ncha ya pili. Ikiwa ni kanuni kwamba ulimwengu humsaidia kila atakaye kwa moyo wote, basi asiyesaidiwa hakutaka kwa moyo wote. Hitimisho hilo halimo katika riwaya kwa maneno, ila hakuna njia ya kulikwepa. Mtu aliyeshindwa anapoteza vitu viwili kwa mpigo mmoja: kile alichokitafuta, na haki ya kusema kwamba alikitafuta kikweli.

Yafaa kukumbuka hapa methali nyingine, ambayo wauzaji wa "inama" wangeweza kuiandika juu ya magunia yao: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Walimu wa shule huifunza kana kwamba ni ahadi. Si ahadi. Inataja sharti la kupata. Haisemi kwamba kila aliyeinama alipata. Huenda mvunguni hamna kitu, au kilichokuwamo kilikwisha kutolewa. Katika methali hiyo fupi pana uangalifu wa kimantiki kuliko katika nadharia nzima ya Melkizedeki, na uangalifu huo ni wa kimaadili pia, kwa kuwa unamwachia aliyeinama bure heshima yake.

Mathare yenyewe ni mfano wa mvungu uliotolewa. Sehemu ya bonde hilo ilikuwa machimbo ya mawe ya kujengea mji, na jina la kijiji cha Mashimoni bado lakumbusha habari hiyo. Hazina iliyokuwa chini ya miguu ya wakazi ilichimbwa zamani, ikapanda kilimani na kuwa kuta za watu wengine. Mtu wa Mathare anayeambiwa arudi nyumbani achimbe, kwa kuwa alichokitafuta mbali kilikuwa kwake siku zote, anaambiwa jambo lililokwisha kutendwa, na si yeye aliyelitenda.

Mabadiliko ya pili ambayo Coelho aliyafanya katika hadithi ya kale hayajapata kuzingatiwa inavyostahili, nayo ndiyo kiini cha malalamiko ya makala haya. Yule aliyeidharau ndoto katika Alfu Lela Ulela ni liwali. Ni mtu wa dola, mwenye askari na gereza. Dharau yake ni kiburi cha mwenye kushiba, na hadithi inamcheka yeye zaidi ya inavyomcheka mgeni. Hata hivyo ana ukarimu wa kumpa aliyemchapa nauli ya kurudia kwao. Coelho amemwondoa liwali. Mahali pake amewaweka watu wanaojitambulisha kuwa ni wakimbizi wa vita vya kikabila, wenye kuhitaji fedha. Kiongozi wao ndiye aliyeota, papo hapo penye piramidi, habari za kanisa la Uhispania, na ndiye anayesema kwamba hakuwa mpumbavu kiasi cha kuvuka jangwa zima kwa sababu ya ndoto inayojirudia. Riwaya inamwacha hapo, akiwa mfano wa upumbavu wa wale wanaojidhani werevu.

Sasa msomaji wa Mathare na ajitafute humo. Kitabu kinamtaka ajione kuwa Santiago, na kwa saa chache za kusoma ataweza. Lakini Santiago ni kijana aliyepelekwa seminari na wazazi waliotaka awe kasisi, akapewa na baba yake sarafu za dhahabu za kununulia kondoo. Anao mtaji, anayo elimu, na nchi yake haiko vitani. Anayefanana zaidi na kijana wa bondeni ni yule mkimbizi. Naye pia aliota. Ndoto yake ilikuwa ya kweli, sahihi hata katika habari za mti na magofu, sahihi kuliko ile ya Santiago, ambayo ilielekeza mahali pasipo na kitu. Kama kanuni ya Melkizedeki ni ya watu wote, basi mkimbizi huyu alikuwa na wito, na mwandishi alipaswa kueleza ni nini kilichomzuia kuufuata zaidi ya upungufu wa moyo. Hakueleza. Alimhitaji kama kibao cha njia.

Tuseme angeufuata. Angelazimika kufika pwani ya Morocco na kuuvuka Mlango-bahari wa Gibraltar kuelekea kaskazini, njia ile ile ambayo Santiago aliivuka kuelekea kusini kwa safari ya saa mbili ambayo riwaya haikuiona kuwa na habari ya kusimuliwa. Tarehe 1 Novemba 1988, mwaka ule ule riwaya ilipotoka, bahari ilitupa ufuoni Tarifa mwili wa kijana aliyekuwamo katika mashua ya Wamorocco iliyozama ikijaribu kuvuka, na picha yake ikawa ya kwanza kujulikana katika orodha ambayo hadi leo haijafungwa. Coelho hakuweza kulijua tukio hilo alipokuwa akiandika, wala halaumiwi kwa kutolijua. Lakini msomaji wa leo analijua, na hawezi kuusoma mji wa Tarifa kana kwamba una mlango mmoja tu wa kutokea. Jambo jingine: Santiago anapolifukua sanduku, hupata humo sarafu za dhahabu, vito, vinyago na sanamu zilizopambwa, nayo riwaya inasema kwamba ni ngawira za ushindi wa zamani uliosahauliwa na nchi. Hazina ya wito wa nafsi ni mali iliyoporwa Marekani ya Kusini, tena inatajwa na mwandishi wa Brazili bila kusita. Ni vigumu kujua kama hapo pana kejeli iliyofichwa. Ukisoma kurasa zinazozunguka mahali hapo, huoni dalili yake.

Kuhusu Fatima yatosha kusema machache. Naye ana wito, nao ni kungoja. Mwanamke wa Mathare anayeamka saa kumi ya alfajiri kukanda unga wa mandazi angetaka kujua ni nani aliyekuwa akipika huko jangwani wakati wa kungoja.

Swali la nani hupika lina jibu lake katika riwaya, na ni jibu la kusikitisha. Kule Tarifa, Melkizedeki anamwonyesha Santiago mwoka mikate aliyesimama dukani mwake. Mtu huyo, asema mfalme, alitaka kusafiri tangu utotoni, ila aliamua kwanza kununua duka na kuweka akiba. Atakapozeeka ataizuru Afrika kwa mwezi mmoja. Anahurumiwa kama mtu aliyeusaliti wito wake kwa kujali watu watasema nini. Haulizwi alikuwa akimlisha nani. Hapa ndipo maadili ya riwaya yanapoacha kuwa mepesi na kuwa makatili. Katika vichochoro vya Mabatini, Bondeni na Kosovo, mtu aliyekaa mahali pamoja miaka 20 akiuza mandazi au chapati na kuwalipia wadogo zake karo ndiye nguzo inayowazuia wengine wasianguke. Kumweka katika safu ya walioshindwa ni kukosea kuhesabu. Ikiwa wito hupimwa kwa umbali mtu alioondoka, basi kila aliyebaki kwa ajili ya wengine ni mwoga.

Pingamizi kubwa dhidi ya hoja hizi lastahili kuelezwa kwa ukamilifu. Ni rahisi kwa mwenye mshahara kumhurumia maskini kwa kumnyang'anya kitabu chake. Kijana ambaye tangu utotoni ameambiwa na polisi, na magazeti, na hata na baadhi ya walimu kwamba mwisho wake ni risasi au jela, akikutana na kurasa zinazomwambia kwamba matakwa yake yana uzito mbele ya ulimwengu, amekutana na jambo ambalo huenda hakupata kuambiwa na mtu yeyote. Uhalisia nao una ukatili wake. Kill Me Quick ya Meja Mwangi, iliyotoka mwaka 1973 na kutuzwa Tuzo ya Jomo Kenyatta mwaka uliofuata, inawafuata Meja na Maina, vijana wenye vyeti vya shule, kutoka mapipa ya takataka hadi gerezani, na haiwafungulii mlango wowote. Ni riwaya bora kuliko ya Coelho kwa kila kipimo cha fani. Hata hivyo haina budi kukubaliwa kwamba kijana aliyeko ndani ya pipa hahitaji sana kuelezwa umbo la pipa.

Pingamizi hili ni la kweli, na jibu lake si kukataa matumaini. Jibu ni kwamba yapo matumaini ya aina zaidi ya moja, na The Alchemist imewapa wasomaji aina iliyo dhaifu kuliko zote kwa kisingizio kwamba ndiyo pekee. Katika Kusadikika ya Shaaban Robert (1951) wamo pia wasafiri. Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini wanatumwa pande sita za ulimwengu na kurudi na maarifa ya kuitengeneza nchi yao. Kila mmoja amefaulu katika safari yake, na kila mmoja anatupwa gerezani kwa malipo. Ulimwengu haukula njama ya kuwasaidia. Wenye nguvu walikula njama ya kuwazima. Na bado riwaya ile ni ya matumaini, kwa kuwa Karama anasimama barazani siku baada ya siku kuyataja majina yao mbele ya mfalme mpaka milango ya gereza ifunguliwe. Walichokitafuta hakikuwa chao peke yao, kwa hiyo kushindwa kwao hakukuweza kuhesabiwa kuwa ni upungufu wa mioyo yao. Ni kweli kwamba Shaaban Robert naye anapenda mno wema upate tuzo ukurasa wa mwisho. Yeye si mtakatifu katika jambo hilo. Lakini tuzo yake hupitia barazani, katika hoja, mbele ya watu. Haiji kwa upepo.

Aina hiyo ya matumaini haipo vitabuni tu. Chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kiliweka kanuni ambayo mwanafalsafa angeweza kuitafakari kwa muda mrefu: katika ligi yake, timu hupata pointi kwa mabao, na hupata pointi vilevile kwa kuzoa taka na kuzibua mitaro ya vitongoji vyao. Mathare United iliyozaliwa humo ilitwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2008. Wachezaji wengi mno waliopitia humo hawakufika ligi kuu, na hawakuhitaji kujieleza kwa nani. Mtaro walioufukua ulikuwa umefukuliwa.

Mwishoni mwa Aprili 2024 Mto Mathare ulifurika usiku, ukaingia nyumbani mwa watu, na baadhi yao wakafa. Wiki chache baadaye matingatinga ya serikali yalibomoa nyumba zilizokuwa karibu na kingo za mto, na waliobomolewa wakaahidiwa shilingi 10,000 kila kaya za kuanzia maisha kwingine. Wakazi wa kale wa bonde walikwisha kuyaona ya namna hiyo: makazi yao yalibomolewa na serikali ya kikoloni wakati wa Hali ya Hatari, nao wakarudi. Meja Mwangi aliiandika tabia hiyo katika Going Down River Road (1976), ambamo vibanda vya bondeni huteketezwa na halmashauri ya jiji na wenyewe kuvijenga tena juu ya majivu.

Katika vitu vilivyochukuliwa na maji usiku ule, yamkini vilikuwamo pia vitabu vya "inama". Msomaji wa The Alchemist aliyesimama asubuhi yake mahali palipokuwa chumba chake, akitaka kuutumia mfumo aliofunzwa humo, angekuta una maelezo mawili tu ya hali yake. La kwanza, kwamba ni mtihani ambao ulimwengu humpa mtu aliyekaribia hazina. La pili, kwamba zilikuwapo ishara naye hakuzisoma. Hakuna mahali katika mfumo huo pa kuandikia mfereji usiozibuliwa, kodi iliyolipwa kwa mwenye nyumba asiyejulikana, au ramani ya mji iliyowaacha watu bila ardhi nyingine ya kukaa isipokuwa ukingo wa mto. Mfalme Melkizedeki hakuwahi kusema lolote kuhusu ardhi. Alimtoza kijana sehemu moja ya kumi ya kondoo wake, akampa mawe mawili ya kupigia ramli, akaenda zake.

Kuhusu yule kiongozi wa wakimbizi, riwaya haimtaji tena baada ya hapo. Aliondoka na wenzake wakiwa na kipande cha dhahabu cha kugawana, na haijulikani walikuwa wangapi kambini, wala walinunua nini.